Meza Isiyo na Pindo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata wazo. Mume wangu anasema kati ya maneno yote yanayotoka kinywani mwangu, hayo ndiyo anayoyaogopa. Namsamehe. Yeye ni mpiga chapa. Kutwa anachapa mawazo ya watu wengine, hana haja ya kuwa na lake.

Mambo yako hivi. Baba mkwe anahama nyumba yake mwisho wa mwezi huu. Ngazi zimemshinda, na tangu mama mkwe atutoke anaishi mle peke yake na redio. Atakwenda kukaa na mmoja wetu: ama sisi, ama wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Hajasema nani. Namtaka kwetu. Namtaka sana, na naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Nyumba yetu ni ya watu wawili na ukimya wao. Baba yangu alifariki nikiwa sijajua hata kufunga kamba za viatu, na huyu mzee ndiye mtu pekee anayeniita mwanangu bila kutaka nimpunguzie suruali.

Basi leo amekuja kibandani kwangu, mbele ya nyumba, kama kawaida, akakaa kwenye kiti cha wateja, pembeni ya cherehani. Maisha yake yote alikuwa mwendesha lifti. Anasema alisafiri kila siku na hakufika popote, ndiyo maana amejua kukaa. Mteja akipanda juu ya stuli nimpimie pindo, yeye humwuliza kwa upole: juu au chini? Leo, macho yakiwa dirishani, akasema nyumba ni pale ambapo kila mtu ana pa kuweka viwiko.

Viwiko. Nilijidunga sindano. Sisi hatuna meza. Tunakula sahani mapajani, mimi kwenye kochi, mwenzangu kwenye kigoda karibu na redio. Wifi anayo meza ya kioo, ya watu wanane, ambayo huruhusiwi kuwekea hata kikombe bila kitambaa chini yake.

Nimeamua. Nitaunda meza kwa mikono yangu mwenyewe. Jumapili ya tarehe 16 nitawaalika wote, Baba ataweka viwiko, na mambo yatajisema.

Jumatano, 5 Juni

Ubao nimeupata. Nimewashonea wapasua mbao aproni mpya, nao wakanipa ubao uliokuwa umeegeshwa nyuma ya banda lao kwa sababu hakuna aliyeutaka. Umepasuliwa kutoka gogo moja, mnene, mrefu kuliko mume wangu. Kingo zake hazikunyooshwa. Zimeachwa vilevile mti ulivyojiumba, zinaingia na kutoka, na magome bado yameng'ang'ania. Nimeutazama mpaka chai ikapoa. Kwenye mistari ya katikati nimeona mto. Nimeona nywele za mtu zikichanwa bila haraka. Nimeona pia kitu kinachofanana sana na sikio la wifi, lakini ukigeuka kidogo linapotea.

Sitadanganya, vidole viliniwasha. Mimi nilifundishwa kwamba ukingo usiopindwa ni aibu, utachanika ukiufua mara mbili. Wapasua mbao wanasema kwenye meza za namna hii huo ndio urembo wenyewe. Haya, nitaacha bila pindo. Nimejikaza kisabuni.

Seremala wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima unamwita Msumari, alivuka kuja kuuona. Damu yangu na yake hazijapatana tangu nimshonee suruali yenye mfuko ndani ya mfuko. Akaugonga ubao, akatega sikio, akasema bado mbichi, uachwe ukauke mwaka mzima. Nikamwambia mwenye wivu hana adabu. Akarudi kwake. Randa hakuniazima.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua jambo ambalo maseremala wote wamelikosa.

Mtu yeyote aliyeshika mkasi anajua kwamba kitambaa huloweshwa kabla ya kukatwa. Usipokilowesha, kitarudi siku ya kwanza ya kufuliwa, na mteja atabaki na shati la mtoto. Sasa, nimeuchunguza ubao kwa karibu, na ndani yake ni nyuzi tupu. Nyuzi ni nyuzi. Ukishiba maji leo na kusinyaa leo, hautasinyaa mbele ya wageni.

Nimepanga matofali uani, nikatandika nailoni, nikamwaga ndoo baada ya ndoo. Ubao umeelea. Mume wangu alirudi kazini, akasimama mlangoni na begi lake, akauliza kwa nini meza inaoga. Nikamweleza habari za nyuzi. Akaingia ndani, akafungulia redio kwa sauti.

Alasiri Baba alikuja. Hakuuliza lolote. Alivua viatu, akakunja suruali, akatumbukiza miguu majini, nami nikafanya hivyohivyo. Tukakaa, ubao unatuzunguka taratibu, mawingu yamelala juu yake. Ilikuwa raha ya ajabu. Sikutaka jua lishuke. Nilikuwa karibu kabisa kumwambia lile neno, aje akae kwetu, lilikuwa limeshafika kooni. Badala yake nikamwuliza kama anaipenda rangi ya ubao. Akasema anaipenda.

Jumapili, 9 Juni

Nimeuopoa ubao, nimeulaza juani, nimempigia simu wifi kumwalika. Wifi ni mkuu wa wauguzi. Ana sauti ambayo ukiisikia unakunja mkono wa nguo mwenyewe. Akauliza kama safari hii tutakula mapajani au tutasimama. Kijembe hicho. Nimekimeza. Nikamwambia aje tu na viwiko vyake. Akauliza kama nina homa.

Nimepanga kila kitu kichwani. Baba atakaa upande wa dirisha. Atapapasa ukingo, atakuta magome, atatabasamu. Atasema: mwanangu, hapa ndipo. Sisi sote tutainamisha macho kwa adabu, hata wifi. Nimeiona picha hiyo waziwazi mpaka nikashona zipu kwenye mkono wa koti la mteja.

Jumanne, 11 Juni

Ubao umejikunja.

Sikuamini. Ulilala bapa, leo nimeukuta kingo zote mbili zimeinuka na katikati pamebonyea, kama kiganja kinachokinga maji. Msumari alikiona kitu hicho tokea ng'ambo. Akatoa kiti nje ya karakana yake, akaketi kutazama. Kazi zake za kutwa hakuzigusa.

Lakini mimi kitu kilichokunjamana hakinitishi. Nikawasha pasi ya mkaa. Nikatandika kitambaa kibichi, nikapiga pasi ubao mzima, kutoka kichwa mpaka miguu, mbele na nyuma. Mvuke ukapanda. Harufu ya mti ikajaa uani, tamu, nzito, nikahisi nimeingia mahali ambapo sijawahi kufika na kila mtu mle ananifahamu. Nikasimama humo muda mrefu. Ndipo nikasikia harufu nyingine.

Basi sasa kuna alama ya pasi, nyeusi, katikati. Hapo nitaweka kibakuli cha chumvi. Na ubao bado umebonyea, lakini hauna kunyanzi hata moja. Nimemwambia Msumari hivyo kwa sauti. Alikuwa ameegemea ukuta, analia kwa kicheko, mtu mzima na ndevu zake.

Alhamisi, 13 Juni

Leo ni ufa. Umeanzia kwenye kinundu cha pembeni na kuja mpaka karibu na ile alama ya pasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu kuushona.

Nikachukua kekee ya mume wangu, nikatoboa vishimo huku na huku vya ufa, nikatia uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta. Mishono ya msalaba, mmoja baada ya mwingine. Baba alinishikia upande wa pili wa ubao. Nilimwambia: Baba, shika hapa. Baba, vuta kidogo. Baba, legeza. Kutwa nzima hatukuzungumza kingine. Mikono yake imekunjamana na ina joto. Mara mbili alisinzia akiwa ameshika, na hakuachia.

Mchana alikwenda kunyoosha miguu kwa matembezi, nami nikajilaza kidogo, shavu juu ya ubao. Nikaota tumekaa wote kula. Meza ilikuwa ndefu mno, wa mwisho kabisa wanaonekana wadogo, lakini sauti zao zinafika vizuri na mchuzi bado una moto. Baba yangu mzazi alikuwepo. Kwa kuwa sura yake siikumbuki, alikuwa amevaa sura ya baba mkwe. Akaniomba chumvi. Niliamka na mistari ya ubao imechapika shavuni, nikiwa na furaha, kisha nikawa na huzuni, kisha wateja wakaja kudai sare.

Jumamosi, 15 Juni

Mume wangu ameniuliza, kwa upole uliotukuka, meza hiyo itasimama juu ya nini.

Miguu. Nilikuwa nimesahau miguu.

Sikukata tamaa. Nina cherehani mbili za kukanyaga, moja ilikufa zamani, nyingine ndiyo inayotulisha. Zote zina miguu ya chuma ya maua maua, imara, na gurudumu pembeni. Nikaishusha ile nzima kutoka miguuni pake, nikailaza kitandani kwetu, imefunikwa shuka. Ni kwa muda tu. Nikafunga ubao juu ya miguu hiyo miwili kwa skrubu. Pedali za kukanyagia zimegoma kutoka kwa kutu, nikaziacha. Jioni mume wangu alikaa chini, akalitazama jambo lote, akasema kwa kweli si baya. Nilimpenda upya.

Nimepaka vanishi tabaka tatu. Nimezipaka mfululizo, kwa kuwa muda hautoshi. Kwenye kopo imeandikwa kila tabaka iachwe siku nzima ikauke. Lakini hao wenye kiwanda hawajui nitakavyoipepea.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Nitaeleza kwa mpangilio.

Walifika saa saba. Wifi alisimama mlangoni, akaitazama meza. Akapitisha kidole kwenye ukingo wenye magome, polepole, halafu akakiangalia kile kidole na kukipangusa. Baba alikaa upande wa dirisha, palepale nilipompangia.

Nikaleta wali, nikaleta kuku, nikaleta mchuzi. Nikampa kila mtu sahani yake. Sahani ya wifi ikaanza safari. Haikwenda haraka, ilikwenda kwa heshima, ikateremka mpaka katikati. Ya mume wangu ikaifuata. Ya kwangu nayo. Tukazivuta, zikarudi kulekule. Mwishowe tukaacha, sahani zote nne zikakutana kwenye alama ya pasi na sisi tukazifuata, vichwa karibu karibu, tunachukua kuku yeyote aliye karibu bila kujua ni wa nani. Wifi alikula kutoka sahani yangu. Alisema mchuzi umekolea.

Wakati huo Baba aligundua pedali. Akakanyaga. Gurudumu likazunguka, likatoa mngurumo mwembamba, na glasi zikaanza kutetemeka kwa sauti nzuri. Akauliza: juu au chini? Mume wangu, ambaye sijamsikia akicheka mezani kwa kuwa hatukuwahi kuwa na meza, alisema juu, Baba, mpaka mwisho. Tukapanda. Naapa kwa muda fulani nilihisi chumba kizima kinapanda, dirisha, pazia, redio na sisi, na hakuna aliyetaka kushuka.

Baba akaweka viwiko. Vyote viwili. Akashusha pumzi ya mtu aliyefika.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini Baba alitaka kuinua mkono achukue maji, na mkono haukuja. Akajaribu wa pili. Vanishi ilikuwa imemshika shati, kiwiko cha kulia na cha kushoto, sawasawa. Wifi akasema tusimvute, tutamchubua ngozi, na mimi nikakimbilia mkasi.

Niko nimepiga magoti pembeni yake, nakata kwa uangalifu mkono wa shati lake, ndipo wifi, kijiko kiko mdomoni, akasema: Baba, si uje tu ukae kwangu?

Baba akasema: haya.

Basi. Namna hiyo. Mkasi wangu ukaendelea wenyewe, maana mikono ya fundi haina habari na moyo. Nilimaliza kiwiko cha kulia, nikahamia cha kushoto. Nikamfungua kabisa, awe huru kwenda. Vipande viwili vya mviringo vya shati vimebaki pale juu ya meza.

Kisha wifi akaongeza kwamba meza nayo wataichukua. Baba hajala kwa furaha hivi tangu mama afariki, alisema, na alilisema bila kijembe, macho yakiwa na maji. Mtu ukiambiwa hivyo unajibu nini? Nilisema wachukue tu.

Jumatano, 19 Juni

Wameibeba leo. Msumari alituazima mkokoteni wake, bila kuombwa, akasaidia kuifunga kamba. Nilimsubiri acheke. Hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Aliipapasa mishono ya kwenye ufa, akaniuliza ni uzi wa aina gani. Sikumwambia.

Mkokoteni ulipokunja kona ndipo nikakumbuka kwamba miguu ya cherehani inayotulisha imekwenda nayo. Cherehani yenyewe bado iko kitandani, chini ya shuka. Kumpigia simu wifi kuomba nirudishiwe miguu ya meza aliyoichukua leo tu kwa mapenzi, siwezi. Nashona sare kwa mkono.

Jioni mwenzangu alizima redio. Akaacha kigoda chake, akaja kukaa kwenye kochi, sahani yake pajani, bega lake kwenye bega langu. Nililia kidogo, nikamlaumu pilipili.

Jumapili, 23 Juni

Baba amekuja kibandani. Ameshahamia kwa wifi, hakungoja mwisho wa mwezi. Anasema jengo la wifi lina lifti, haina mwendeshaji, watu wanajibonyezea wenyewe, na yeye hupanda nayo kila asubuhi kuona kama wanaitunza. Meza wameiweka badala ya ile ya kioo. Wifi ameacha kutandika vitambaa chini ya vikombe. Wanakula vichwa karibu karibu.

Niliminya midomo, nikashindwa. Nikamwuliza. Nilimwuliza huku nimeinamia kola ya mteja ili asione uso wangu: kwa nini alikwenda kwa wifi na si kwetu.

Akasema wifi alimwambia aje. Akasema: wewe, mwanangu, ulinikaribisha nishike ubao, ukanikaribisha nivute uzi, ukanikaribisha nitazame rangi. Akasema alisubiri. Redio yake alikuwa ameshaifunga kwenye sanduku tangu ile siku tuliyotia miguu majini, akingoja neno langu. Halikuja, basi akadhani ninachokitaka ni meza.

Nililia kwenye kola ya watu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Lakini nimeelewa. Nimeelewa kabisa, na mtu akielewa anabadilika. Kuuliza si ujinga. Wifi alisema maneno machache na kijiko mdomoni, mimi nikaunda samani. Kwisha habari ya kuzungukazunguka. Nitamwambia Baba wazi, uso kwa uso: rudi ukae nasi, nyumba ni kimya bila wewe. Wifi atakasirika, atazoea.

Tatizo ni kwamba neno la namna hiyo huwezi kumwambia mtu hivihivi, mmoja kwenye kiti cha wateja, mwingine kwenye stuli, vifungo vimetapakaa. Linataka mahali pake. Linataka benchi. La watu wawili, pana, la kuegemea, mtu akikaa asitake kuinuka. Wapasua mbao wana gogo zuri sana, limelala tu, nimekwenda kuliona. Wataniletea Jumanne. Nikianza mara moja, mwezi wa nane nitakuwa tayari kusema.

Baba bado yuko hapa. Alikuwa amesinzia kwenye kiti, nikinyoosha mkono namgusa bega. Ameamka sasa hivi, ananitazama, anauliza naandika nini. Nimemwambia ni vipimo vya mteja.